Mpikie mbwa wako, lakini kagua unga kwanza

Mahindi yakishatobolewa na dumuzi na kuota ukungu wa kijani, uamuzi nyumbani hauchukui muda: mpe mbwa. Wali uliolala siku mbili, mpe mbwa. Mifupa ya kuku wa kukaanga, vichwa vya samaki wa chumvi, makombo ya pilau la harusi, vyote njia yake ni hiyo hiyo. Mbwa wa kwetu ana kazi mbili: usiku kulinda, mchana kumaliza kile ambacho binadamu amekikataa.

Kwa hiyo ukisema unataka kumwokea mbwa biskuti, tegemea kuchekwa. Na anayecheka ana hoja. Bei ya unga inajulikana, ya gesi ndiyo usiseme, na mbwa mwenyewe tangu azaliwe hajawahi kuuliza leo kuna kitafunwa gani. Hata hivyo nasema biskuti za mbwa za kuoka nyumbani ni jambo la maana, tena hapa kwetu pengine kuliko Ulaya. Si suala la kumdekeza. Mtu anayeingia jikoni kumwandalia mbwa kitu kidogo hulazimika, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kutazama kwa macho mawili kile anachomlisha siku zote.

Nenda kwenye mashine ya kusaga asubuhi ya Jumamosi, iwe Manzese au Kawangware. Foleni ya ndoo na viroba, vumbi jeupe kwenye nyusi za kijana wa mashine, kelele inayowafanya watu wasemezane kwa ishara. Mteja akikoboa mahindi yake ili apate sembe, kijana atamuuliza: "Mama, pumba unachukua au unaacha?" Mwenye kuku au mbwa anachukua. Asiye nao anaiacha, na jioni itauzwa kwa mwingine mwenye kuku au mbwa.

Shida inaanzia hapo. Kuna kuvu wanaoitwa Aspergillus flavus ambao hushambulia mahindi na karanga, hasa mazao yaliyopigwa na ukame shambani au yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka sawasawa. Kuvu hao hutoa sumukuvu. Katika punje ya mahindi, sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kwenye kiini, yaani zile zile sehemu ambazo mashine ya kukoboa huzitenga. Sembe hutoka imepungukiwa sumu. Pumba hutoka imelimbikiziwa. Kisha pumba inachemshwa, inakorogwa na maji ya dagaa, inapelekwa bandani.

Wengine hudhani moto unamaliza kila kitu. Kwa bakteria wengi, sawa. Kwa sumukuvu, hapana. Joto la kuchemshia uji haliigusi, na joto la kuokea biskuti huipunguza kidogo tu. Ndiyo maana huwezi kuokota unga ulioharibika ukasema utaoka vizuri. Biskuti itanukia, itakuwa na rangi ya kupendeza, na sumu itakuwa imo ndani yake.

Tunaifahamu sumu hii kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja, kiasi ambacho jicho halikioni wala ulimi hauonji. Waliokufa walikuwa watu, ambao angalau huchagua punje kabla ya kusaga. Mbwa hula zile zilizokataliwa, na hula kila siku, mwaka mzima.

Wala si tatizo la maskini peke yao. Mwishoni mwa 2020 nchini Marekani, chakula cha mbwa cha chapa ya Sportmix kiliondolewa sokoni kwa sababu ya sumukuvu, na kufikia Januari 2021 mbwa zaidi ya 70 walikuwa wameripotiwa kufa. Chanzo kilikuwa mahindi. Kiwanda chenye mizani, maabara na mifuko yenye picha za kuvutia kiliteleza palepale ambapo bibi mwenye ungo huteleza.

Mbwa aliyekula sumukuvu hukataa chakula, hutapika, hulegea. Ini likishazidiwa, fizi na weupe wa macho hugeuka njano, mkojo unakuwa wa rangi ya chai kavu, na kinyesi kinaweza kuwa na damu. Mwenye mbwa mara nyingi husema "kalogwa" au "kalishwa sumu na wezi". Wezi hulisha mbwa sumu, ni kweli. Lakini kabla hujamshuku jirani, fungua pipa la pumba unuse.

Tukirudi kwenye biskuti: kazi ya kwanza inafanywa kwenye ungo, hata kabla jiko halijawashwa. Mwaga nafaka, chambua kwa mkono, toa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi. Kuchambua huku, ambako bibi zetu walikufanya bila kumsikia mtaalamu yeyote, hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa kwa sababu sumu haisambai sawa. Hujilimbikiza katika punje chache mbovu. Na kwa kuwa biskuti zinahitaji unga kidogo tu, mimi huyaacha mahindi kabisa. Mtama, uwele na ngano kwa kawaida hazishambuliwi kama mahindi na karanga. Kanuni yangu ya unga ni moja: kama hutaunywa uji wewe, mbwa naye asiulie biskuti.

Wazo la biskuti ya mbwa lenyewe lina asili ya kuchekesha. Mnamo miaka ya 1860 Mmarekani mmoja kutoka Ohio, James Spratt, alikuwa London akifanya biashara ya vyuma vya kukinga radi. Akawaona mbwa wa gatini wakigombania biskuti za mabaharia, zile ngumu kama jiwe zilizokuwa zikibebwa kwenye safari ndefu. Akaacha radi zake, akatengeneza keki za mbwa za ngano, viazisukari, mboga na nyama iliyokaushwa, akawauzia mabwana wa Kiingereza wenye mbwa wa kuwindia. Kijana aliyeajiriwa dukani kwake, Charles Cruft, ndiye baadaye aliyeanzisha maonyesho ya mbwa yenye jina lake, mwaka 1891, ambayo hadi leo hufanyika Uingereza. Kwa maneno mengine, biskuti ya kwanza ya dukani ilizaliwa kutokana na makombo ya mabaharia.

Mkondo ulianza kurudi nyumbani karne moja na ushee baadaye. Mwaka 1989 vijana wawili wa Kansas City, Dan Dye na Mark Beckloff, walifungua duka la mikate ya mbwa. Mmoja wa mbwa wao, Gracie, alikuwa jike kubwa jeupe asiyesikia, na alikuwa mgumu wa kula. Chakula cha kupikwa nyumbani ndicho kilichomrudishia hamu. Watu wakacheka huko pia. Kisha ukaja mwaka 2007. Kampuni ya Menu Foods ikaondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 za chakula cha mbwa na paka baada ya kubainika kuwa kiambato cha ngano kutoka China kilikuwa kimetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili kipimo cha protini kionekane kikubwa. Figo za wanyama zikaharibika. Mwaka huo huo mamlaka za Marekani zilianza kupokea malalamiko kuhusu nyama kavu za mbwa zilizoagizwa kutoka huko huko China. Baada ya hapo waliokuwa wakicheka walitafuta mapishi.

Swali la haki ni hili: mbwa ana haja gani na biskuti? Si mla nyama? Ni mla nyama, lakini si simba. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha ulinganisho wa vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu, yule aitwaye "wolf" kwa Kiingereza. Mbwa mwitu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kuyeyushia wanga. Mbwa wa nyumbani anazo kuanzia nne hadi thelathini. Maelfu ya miaka ya kula kandokando ya moto wa binadamu yamembadilisha. Ugali na mkate anavimudu. Kinachomtesa ni kupewa ugali mtupu asubuhi na jioni.

Kwa hiyo biskuti haimjazi mbwa tumbo na haichukui nafasi ya mlo wake. Ni kipande cha kumwita, kumfundisha, kumshukuru. Anayefuga mbwa wa ulinzi na kumfundisha kwa fimbo anapata mbwa anayeogopa fimbo. Anayemfundisha kwa kipande cha biskuti anapata mbwa anayerudi akiitwa hata kama geti liko wazi na kuna mbwa mwenzake barabarani. Kipande chenyewe kinapaswa kuwa kidogo, cha kumezwa mara moja, maana mbwa anahesabu mara alizopewa, hapimi ukubwa. Na pua yake ndiyo inayokula kwanza: vionjio vya ulimi wake ni takriban 1,700, wakati binadamu ana kama 9,000. Sukari, chumvi na vanila unavyotia ni vyako wewe mpishi. Yeye anataka harufu.

Na kwa harufu, hakuna kinachoushinda unga wa dagaa.

Hapo uwe mwangalifu na dagaa unaowanunua. Dagaa wa Zanzibar na wa mwambao wote kwa kawaida huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ni watamu kwa wali, lakini chumvi yao ni nyingi mno kwa mbwa. Wanaofaa ni wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene. Hawa hukaushwa juani bila chumvi. Tatizo lao ni mchanga, kwa kuwa wengi bado huanikwa chini ufukweni, ingawa wa kwenye chanja wapo na bei yao iko juu kidogo. Mimina nusu kikombe cha dagaa kwenye beseni, tia maji ya vuguvugu, wachezeshe kwa vidole, waopoe kwa juu. Usimwage maji pamoja na dagaa. Mchanga utakuwa umetuama chini na ukipindua beseni utarudi wote. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni husikii mikwaruzo. Wakaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, huku unageuza, mpaka ukimkunja mmoja anavunjika badala ya kupinda. Jikoni patanuka, na mbwa atakuwa ameshafika mlangoni. Wasage kwa blenda au watwange kwenye kinu mpaka wawe unga. Kichwa na miiba visagwe humo humo. Hapo ndipo kalsiamu ilipo.

Sasa chukua vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa, ule wa atta, au nusu ngano na nusu mtama. Changanya na unga wa dagaa. Ponda nusu kikombe cha boga lililochemshwa na kuchujwa maji, uvunjie yai moja, kisha mimina kwenye unga. Kanda. Mwanzoni litaonekana donge gumu lisiloshikana; usikimbilie maji. Boga hutoa unyevu wake taratibu kadiri unavyokanda, na anayeongeza maji mapema huishia na kitu cha kunata kama cha maandazi. Kama baada ya dakika tano bado linapasuka, ongeza maji kijiko kimoja, ukande tena. Unga ukiwa tayari unakuwa mgumu kuliko wa chapati, haushiki mkononi, na una madoadoa ya kijivu na njano. Hamira haihitajiki, wala baking poda, kwa sababu hutafuti biskuti iliyoumuka. Unatafuta iliyokauka.

Usukume kwenye kibao cha chapati hadi unene wa nusu sentimita. Wapo wanaonunua kikata chenye umbo la mfupa. Kinapendeza kwenye picha. Mimi naona kisu kinatosha: kata mistari wima, kata mistari mlalo, upate vipande vidogo kama 100. Panga kwenye trei, choma kila kimoja kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Oveni iwe nyuzi 170, dakika 30, ugeuze katikati. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: zima oveni, acha biskuti humo humo mpaka ipoe kabisa, ikibidi usiku kucha. Kile kipindi cha kupoa ndicho kinachotoa unyevu wa katikati. Biskuti iliyoiva lakini haikukauka, kwa hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, itaota ukungu ndani ya siku chache, na hapo utakuwa umewarudia wale wale kuvu tuliowakimbia.

Asiye na oveni asikate tamaa. Wanaooka mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini wanajua kazi hii kuliko mwenye oveni. Sufuria nzito, mchanga mkavu sentimita mbili chini, sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, kifuniko bapa chenye makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua kitakoni. Zikishashika rangi, zianike kutwa nzima juani kwenye ungo uliofunikwa kipande cha chandarua, maana inzi wa dagaa hana haya. Jaribio la mwisho ni sikio: vunja moja. Ikilia "ka!" imekauka. Ikipinda kimyakimya, irudishe.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, uliloliosha na kulikausha. Bara kwenye hewa kavu, Dodoma kwa mfano, zinadumu wiki mbili au tatu. Pwani ni heri uweke kiasi cha wiki moja nje na nyingine kwenye friza. Ukiona doa la ukungu kwenye biskuti moja, mwaga kopo zima. Wala usiwape kuku, wala usiweke kwenye pumba za ng'ombe: sumukuvu aliyokula ng'ombe hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo ni ya watoto wako.

Boga unaweza kulibadilisha na kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, au karoti iliyokunwa. Dagaa unaweza kubadilisha na ini la kuku lililochemshwa na kusagwa, ila ini lisiwe la kila siku. Lina vitamini A nyingi, na vitamini hiyo ikizidi kwa muda mrefu hudhuru mifupa. Siagi ya karanga wanaipenda mno, lakini karanga na sumukuvu ni ndugu wa damu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Hapo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu hii. Ukitaka karanga, nunua nzima, chambua, kaanga, saga mwenyewe.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kugusa bakuli la biskuti hizi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa hivi kwamba hakuna anayekumbuka tena makombo ya pilau. Zabibu, ziwe mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Chokoleti ina theobromini ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Unga wa kakao ni mbaya kuliko chokoleti nyeusi, na nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Kungumanga, ambayo mpishi wa pwani huitia bila kufikiri kwenye kila kitu kitamu, nayo ikae kando. Mifupa iliyopikwa hupasuka vijiti vyenye ncha.

Hatari isiyojulikana zaidi kwetu ni zailitoli, utamu unaotiwa kwenye bigijii na peremende zisizo na sukari, na katika baadhi ya siagi za karanga zinazouzwa nje. Kwa binadamu haina neno. Mbwa akiila, kongosho lake hudanganyika na kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka ndani ya nusu saa au saa moja, anayumba, anaanguka, na ini linaweza kufuata. Gramu moja inatosha kumwangusha mbwa wa kilo kumi, na kiasi hicho kinaweza kuwa kwenye vipande viwili vitatu vya bigijii. Ndugu walioko Ulaya na Marekani wakikuletea siagi ya karanga "isiyo na sukari", soma kwanza maandishi madogo ya kwenye chupa.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Mbwa wa kilo 10 anayeishi maisha ya kawaida anahitaji kama kalori 600. Asilimia 10 yake ni 60. Kwa vipimo nilivyotoa, kila kipande kina takriban kalori 10. Basi huyo ni vipande sita kwa siku, si zaidi, na siku ya mazoezi vipande hivyo hivyo vikatwe nusu. Mbwa wa kilo 20 anamudu kama kumi. Nyumba yenye watoto watano, kila mmoja akimrushia mbwa wa kilo 10 "kimoja tu" mara mbili, imeshavuka kipimo kabla ya jua kuzama. Afadhali kopo liwe na mlinzi mmoja. Mwenye mbwa wa kisukari, wa figo au wa kongosho asianze kitu bila daktari wake.

Ipo ile lawama ya mwisho, na siipuuzi: watu wanalala njaa, wewe unampikia mbwa. Ukipiga hesabu ya vikombe viwili vya unga, yai moja, kipande cha boga na nusu kikombe cha dagaa, umepata biskuti za zaidi ya wiki moja kwa bei isiyofika ya soda nne. Fedha inayopotea kweli ni ile ya kumtibu mbwa ini, au ya kununua mbwa mwingine wa ulinzi kila mwaka kwa sababu "hawa wa siku hizi hawadumu". Na kwa majirani Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi au wa kuwindia na kujichunga na najisi ya mate yake, biskuti kavu ni nyepesi kuliko mlo wa majimaji: inarushwa, inadakwa, hakuna bakuli la kubeba wala mkono kulambwa.

Neno langu la mwisho ni kuhusu siku moja ambayo biskuti hizi zitakufaa kuliko siku nyingine zote. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi maofisa mifugo hutoa chanjo kipindi hicho. Foleni huwa ndefu, mbwa wanabwekeana, na anayeshindwa kumshika wake hurudi naye bila kuchanjwa. Weka vipande vichache mfukoni, mfunge mbwa kamba mapema, umpe kimoja kabla ya sindano na kimoja baada yake. Kisha tazama tarehe kwenye kadi yake. Kama imepita mwaka mmoja, usingoje Septemba; mpeleke wiki hii.